Daktari Amesema Tungoje

Gaithersburg, Maryland
9 Septemba 2023

Baba mpendwa,

Shikamoo. Naamini barua hii inakukuta mzima, sukari imetulia, na wifi Edna anakubana kwenye chai kama nilivyomwagiza. Mimi sijambo, ila miguu inauma kwa kusimama. Kazini nina wazee sita wa kuogesha na kuvalisha kabla ya saa nne asubuhi, na hakuna hata mmoja anayekubali soksi bila vita.

Najua ukishika simu unasikia ngurumo tu, na macho nayo yamekugomea, kwa hiyo nakuandikia kama ulivyoagiza. Edna atasoma kwenye simu yake na wewe utasikiliza ukiwa umekaa kwenye kiti chako.

Habari kubwa ni kwamba nimeanza chuo. Lakini nisikilize vizuri. Hapa mtu hatoki kidato cha sita akaingia udaktari moja kwa moja kama kwetu. Kwanza awe na digrii, na ile yangu ya uhasibu ya Mwanza wameikubali. Halafu asome sayansi zote ambazo mimi nilizikimbia: biolojia, kemia miaka miwili, fizikia, kila moja na maabara yake. Akimaliza anafanya mtihani mmoja mkubwa, ndipo anaomba nafasi shule ya udaktari, na wengi wanakataliwa. Mimi nipo kwenye hayo masomo ya kabla. Nayasoma chuo cha kaunti, Jumanne na Alhamisi jioni, na Jumamosi maabara. Usicheke, ni kama shule zetu za kata. Anaingia yeyote. Nimekaa kati ya dereva wa basi na bibi wa miaka sitini ambaye anasema amekuja kujua mumewe alikufa kwa nini.

Kasoki, yule dada Mkongo ninayepanga naye, anakusalimu. Kwao "yaya" ni dada mkubwa, basi ananiambia, "Yaya, weye utasoma mpaka utakonda." Mwambie Edna nimemkumbuka.

Mwanao,
Euphrasia


Karagwe
1 Oktoba 2023

Kwa binti yangu Daktari,

Marahaba. Sisi wazima. Migomba imekubali mvua, na mimi babako Laurean bado natembea hadi kanisani na kurudi kwa miguu yangu. Edna ndiye anayeandika, mimi nasema. Akiongeza chake humu nitamjua, maana nilikuwa karani wa chama cha ushirika miaka ishirini na sita na hakuna barua iliyonipita.

Hayo maelezo yako ya ngazi juu ya ngazi Edna ameyasoma mara mbili. Nimeelewa hivi: unasoma masomo ya udaktari. Mtu akiwa anachimba msingi utasema hajengi nyumba? Wewe umezidi unyenyekevu, umeurithi kwa mama yako, Mungu amrehemu. Mimi sina ugonjwa huo. Jumapili nilipeleka mkungu wa ndizi na jogoo altareni kutoa shukrani, na paroko akaniita Baba Daktari mbele ya watu wote. Tangu hapo ndilo jina langu hadi sokoni. Mwaka ule kaka yako alipofariki nilidhani sitaitwa tena jina la mtoto kwa furaha.

Sasa Mama Venuste hapa jirani anauliza: vidonge vyake vya presha vinamfanya akohoe. Je, aviache? Usichelewe kujibu, maana nimemwambia jibu liko njiani.

Baba yako,
Laurean

Wifi, hapa ni mimi Edna. Nilijaribu kumweleza kwamba bado, akaniambia nishone nguo zangu niache mambo ya chuo.


Gaithersburg
28 Desemba 2023

Baba mpendwa,

Shikamoo, na heri ya Noeli. Umeilaje sikukuu? Macho yanasemaje? Mimi mzima, nimepata mafua na yameisha.

Matokeo yametoka. Biolojia nimepata A. Kemia B, na hiyo B nimeilipia kwa machozi. Mwalimu alisema nusu ya darasa letu wameacha katikati, hata dereva wa basi simwoni tena.

Mama Venuste asiache vidonge. Arudi kwa waliompa awaeleze hicho kikohozi, watambadilishia. Hilo nimelijua kazini, si chuoni.

Kuhusu hilo jina, Baba, ningependa usubiri kidogo. Lakini nisikudanganye. Siku niliyosoma barua yako nilikuwa nimetoka kusafisha kinyesi cha mzee mmoja ambaye aliniita msichana, na nimefikisha miaka thelathini na mbili. Nilikaa kwenye ngazi za nje nikalisoma hilo jina lako mara tatu. Lilinifaa sana siku ile.

Mwanao,
Euphrasia


Karagwe
8 Septemba 2024

Daktari wangu,

Marahaba. Najua uko kwenye masomo, na umetuandikia mara chache mwaka huu, wala sikulaumu. Hapa wazima wote isipokuwa kidole changu. Kile kidole gumba cha mguu wa kushoto nilikikwaruza shambani mwezi uliopita, sikusikia maumivu, na Edna alikuja kuona soksi imelowa.

Tulikwenda hospitali ya misheni. Daktari wao kijana, mpole, ana ndevu chache. Ameangalia, ameshika-shika, akasema sukari imeharibu mishipa na hicho kidole kikatwe wiki hii hii kabla ubaya haujapanda. Nikamwambia asante mwanangu, lakini mimi nyumbani kwangu nina daktari, tena wa Amerika, na sitakatwa kama tawi la mbuni kabla hajasema neno. Akaandika kwenye cheti kwamba mgonjwa amekataa. Mimi sijakataa. Nimengoja.

Edna anakutumia picha ya kidole. Itazame uniambie. Utakalosema ndilo nitakalofanya, hata kama ni kukatwa.

Baba yako,
Laurean

Wifi, hajamwambia mtu yeyote anavyoogopa. Anasema asiye na kidole hawezi kukanyaga sawasawa kwenye mteremko wa shamba. Tafadhali jibu upesi.


Gaithersburg
13 Septemba 2024

Baba mpendwa,

Shikamoo. Pole sana na kidole. Unalala vizuri? Una homa? Unakula? Naomba Edna anipe namba ya sukari ya kila asubuhi.

Nimeitazama picha kwa siku tatu. Nimeikuza mpaka nikaona nyuzi za soksi. Mwaka jana kazini tulikuwa na mzee mwenye kidonda kama hicho, kidole hicho hicho, na kilipona bila kukatwa. Nesi alikuwa anakiosha kwa maji ya chumvi kila baada ya siku moja, anakifunga kwa bandeji safi, na mzee hakuruhusiwa kukanyagia mguu ule. Mimi ndiye niliyekuwa nashika beseni, nimeyaona kwa macho yangu.

Kwa hiyo usikubali kukatwa bado. Edna achemshe maji, atie chumvi kijiko kimoja kwa lita, aoshe asubuhi na jioni, afunge. Wewe usikanyage. Meza zile dawa walizokupa zote, usiache hata moja. Tungoje wiki mbili tuone.

Mwanao,
Euphrasia


Karagwe
2 Oktoba 2024

Daktari wangu,

Marahaba. Wiki mbili zimepita na siku kadhaa, na tumefanya kama ulivyosema bila kupunguza. Edna ananiosha kama mtoto wa ubatizo. Mimi mzima, ila baridi inanipata mchana. Kidole kimekauka kwa juu, kimekuwa cheusi, nami nasema kukauka ndiko kupona.

Yule daktari kijana alipita hapa na pikipiki yake, akaomba tena. Nimemwonyesha barua yako. Akauliza unasoma chuo gani, nikamwambia ni chuo cha kaunti. Akanywa chai akaondoka. Nilimwona ameshindwa hoja.

Jumamosi hii ijayo na ile ya pili jumuiya inasali hapa kwangu, kwa kuwa siendi tena kanisani. Tutakuombea mitihani yako.

Baba yako,
Laurean

Wifi, kinanuka. Nafungua madirisha kabla watu hawajaja. Na wekundu umepita kifundo.


Gaithersburg
10 Oktoba 2024

Baba,

Mimi si daktari.

Naanza na hilo kabla ya shikamoo, unisamehe. Mimi si daktari, wala sisomi udaktari. Nasoma masomo ambayo mtu huyasoma kabla ya kuruhusiwa hata kuomba kusoma udaktari. Nilikueleza mara moja, hukutaka kunielewa, na mimi nikakuacha usielewe kwa sababu nilipenda unavyoniita.

Muhula huu nasoma bakteria. Juma lililopita mwalimu alituambia tubonyeze kidole kwenye kisahani cha chakula chao, kidole kilichooshwa. Leo tumefungua visahani. Changu kimejaa, hakuna mahali pa kuweka sindano. Akatuambia wapo wanaojigawa kila dakika ishirini, akatupa hesabu tufanye. Nilianza na mmoja. Baada ya muda wa saa nane walikuwa zaidi ya milioni kumi na sita. Mimi nilikupa wiki mbili. Nimetoka maabara moja kwa moja kukuandikia.

Yule mzee wa kazini hakuponywa na maji ya chumvi, Baba. Alikuwa na dawa inayoingia kwenye mshipa kila siku, na mtaalamu wa miguu, na kiatu cha kutengenezwa, na mashine. Mimi nilishika beseni, nikadhani beseni ndilo lililoponya.

Yule daktari mwenye ndevu chache alisema kweli. Yeye ndiye daktari. Nenda leo, leo hii, usingoje Jumatatu. Kubali wakate kidole, wakisema mguu, kubali mguu. Nitakuja kukushika mkono ukipanda shamba. Nikasirikie ukishapona.

Mwanao,
Euphrasia


Gaithersburg
17 Novemba 2024

Wifi Edna,

Hujambo? Watoto wanaendeleaje? Umepata nguvu kidogo? Hapa nipo, nakwenda kazini, narudi.

Paroko aliponipigia tarehe kumi na sita ya Oktoba kusema Baba ametangulia, na kwamba mazishi ni kesho yake, nilitafuta ndege ya kuniwahisha na hakukuwa na ndege duniani. Unajua hilo. Nimeshalia juu ya hilo.

Kuna jambo moja tu ninalotaka kwako. Jumapili ile nilipokupigia uliniambia barua umemsomea na ametulia. Nilishukuru Mungu kwa sauti ndani ya basi. Sasa naomba uniambie alisemaje. Alikasirika? Alininyamazia? Alisema amenisamehe, au hakusema? Lolote alilosema liandike vile vile, hata kama ni laana. Sitakuwa na amani mpaka nijue Baba alinijua mimi ni nani kabla hajafa.

Simu zangu hupokei. Basi niandikie.

Wifi yako,
Euphrasia


Karagwe
4 Mei 2025

Wifi Euphrasia,

Salamu nyingi kutoka kwangu na kwa watoto. Sisi wazima kwa mwili. Natumaini na wewe hujambo, na baridi ya huko imeisha. Unisamehe kwa miezi hii yote. Kila nikiandika nafuta.

Nilikudanganya kwenye simu. Barua yako niliisoma, lakini sikumsomea.

Ilikuwa Jumamosi, jumuiya ilikuwa imejaa hadi barazani. Bando nilikuwa nimelikosa siku mbili, na nilipoliweka barua ikaingia pale pale, simu ikalia, Baba akasikia. Akasema mbele ya wote, "Soma, Edna. Soma kwa nguvu, wamsikie daktari wangu." Nikaifungua. Nikaona yale maneno ya kwanza. Wifi, walikuwepo watu ishirini na watatu, na paroko, na Mama Venuste amekaa miguuni pake. Alikuwa amevaa koti la mazishi ya Mama kwa sababu ya baridi, amejinyoosha kama mtu anayepigwa picha. Ningewezaje kusema neno lile kwa mdomo wangu?

Macho yalikimbia chini yakatafuta pa kushika, hayakupata. Kila mstari ulikuwa na aibu yake. Mdomo ukasoma barua ya mwezi wa tisa. Niliijua kwa moyo kwa kuwa alinitaka niisome kila jioni. Maji ya chumvi, bandeji, usikanyage, tungoje. Akatikisa kichwa akawaambia, "Mmesikia wenyewe. Daktari amesema tungoje." Wakapiga makofi.

Nilisema moyoni kwamba wakishaondoka nitamweleza peke yake. Walipoondoka alikuwa amesinzia, usingizi mzuri wa kwanza kwa siku nyingi, nikasema asubuhi. Ulipopiga simu Jumapili alikuwa ameanza kuzungumza na marehemu Mama, anamwambia aingize kahawa ndani mvua inakuja. Ungeniuliza kwa nini sikumsomea, nikaogopa, nikasema nimemsomea. Jumatatu tulimbeba. Walikata mguu wote. Alimaliza siku mbili.

Hakukulaani. Hakukusamehe pia, hakujua kama kuna la kusamehe. Msalabani wameandika Baba wa Daktari, na fundi alichora vizuri.

Barua yenyewe nimeifuta kwenye simu. Hakuna anayejua ila mimi na wewe, nami naomba ibaki hivyo. Ukitaka kunichukia nichukie, ni haki yako.

Kuna jingine, naona aibu kuliandika. Mama Venuste mguu wake una kidonda. Hataki hospitali, anasema kule ndiko walikomuulia Baba. Amenituma nikuulize.

Wifi yako,
Edna


Gaithersburg
7 Mei 2025

Wifi Edna,

Nashukuru umeandika. Watoto nawasalimu. Mimi mzima, nakula, Kasoki ananisimamia.

Nimesoma barua yako kwenye maegesho ya magari kazini, kisha nikaingia nikavalisha watu soksi. Hasira niliitafuta kwako nikaikosa. Wewe uliwasomea kile nilichokuwa nimewafundisha kukisikia. Wewe ulitaka asiaibike kwa dakika kumi. Mimi nilikuwa nimemwacha hivyo mwaka mzima, na sababu yangu haikuwa nzuri kama yako.

Masomo nimeyamaliza yote, na ule mtihani mkubwa nimeshaufanya. Mwezi huu fomu za shule za udaktari zinafunguliwa, na wanataka ukurasa mmoja wa kueleza kwa nini unataka kuwa daktari. Pale chuoni yupo mshauri Mkenya, Gitau, mtu mwema. Nilimwambia tu kwamba baba yangu alikufa kwa kidonda cha sukari kijijini. Akaweka kalamu chini akasema, "Pole sana, dada. Lakini hiyo ndiyo stori yako. Iweke pale juu kabisa, hiyo ndiyo itakuingiza." Nimeiandika, Edna. Nimeandika hospitali iko mbali, madaktari ni wachache, wazee wanaogopa kisu. Yote ni kweli. Nikifika mahali pa kusema nani alimwambia angoje, napapita kama ulivyopapita wewe. Gitau amesoma akasema ni nzuri sana. Nitaituma hivyo hivyo, na ninajidharau kwa kuituma.

Sasa Mama Venuste. Usimweleze habari ndefu, wala usimwambie mimi ni nani na si nani. Kesho asubuhi panda naye bodaboda, umpeleke kwa yule kijana mwenye ndevu. Akikataa mwambie daktari wa Amerika ameamuru, na kwamba wakisema wakate, wakate. Sema kwa nguvu, hata mbele ya jumuiya. Atakwenda.

Nimeandika hiyo mistari mitatu bila kufikiri, ndipo nikaona. Ningemwandikia Baba hivyo hivyo, daktari wako ameamuru ukatwe leo, ungeisoma mbele ya watu ishirini na watatu bila kigugumizi, naye angeinuka kitini aende, kwa fahari. Alikuwa ameshaniandikia kwamba atafanya nitakalosema, hata kama ni kukatwa. Mimi nikachagua siku ile kuwa mkweli.

Nijulishe wakishamwona.

Wifi yako,
Euphrasia